Ana wazimu: ana nini hasa?

Anayetoka mjini Mombasa kuja kwetu Chaani hupita Makupa, akapanda Changamwe, kisha akashika njia ya Port Reitz. Wiki mbili zilizopita nilikuwa ndani ya matatu katika njia hiyo, abiria mmoja akazozana na makanga juu ya chenji ya shilingi ishirini. Walipochoka kutukanana, makanga alimpigia dereva kelele: “Huyu usimshushe Chaani, mpeleke moja kwa moja Port Reitz!” Gari zima likacheka, na mimi nikacheka, nisikatae.

Mgeni hangeona cha kuchekesha hapo. Port Reitz ni mtaa kama mtaa mwingine, lakini hospitali yake ina kitengo cha magonjwa ya akili, na kwa watu wa Mombasa jina la mtaa limegeuka kuwa jina la ugonjwa. Ni jambo la kawaida. Nairobi wanasema Mathari, Dodoma wanasema Mirembe, Unguja wanasema Kidongo Chekundu na Kampala wanasema Butabika. Bwana Reitz mwenyewe, maskini, hakuwa daktari wala mgonjwa wa akili. Alikuwa luteni kijana wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 kusimamia mji wakati Wamazrui walipojiweka chini ya bendera ya Waingereza, akafa kwa homa mwaka huohuo. Homa hiyo nitairudia.

Karibu yangu alikuwa ameketi kijana wa jirani yangu, anayesomea udaktari. Kicheko kilipotulia akaniinamia. “Prof., samahani. Delirium kwa Kiswahili ni nini?”

Nilimuuliza anataka kufanyia nini. Akanieleza kisa kilichotokea katika hospitali moja aliyokuwa akifanyia mazoezi, ambayo jina lake halina haja hapa. Aliletwa mzee wa miaka sabini na kitu, ana maambukizi ya njia ya mkojo na joto kali. Usiku wa kwanza mzee akaanza kuzungumza na nduguye, na nduguye huyo amekufa zamani. Mkewe akauliza, “Daktari, mzee ana nini?” Mmoja wa wale vijana, ambaye hata leo hakunitajia kama ni yeye au mwenzake, alitafuta neno, akalikosa, akasema: “Mama, ana wazimu, lakini ni wa muda tu.” Kulipokucha kitanda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amemchukua mumewe, amekwenda naye kwao kumtafuta mtu wa kumtoa. Aliporudishwa siku ya tatu mzee alikuwa hawezi hata kumeza maji.

“Alipona?”

“Alipona, Prof. Lakini ilikuwa karibu.”

Kijana alitaka jibu la neno moja kabla hatujafika steji. Sikumpa. Nalitoa leo, kwa urefu kidogo, kwa sababu kosa la siku ile halikuwa la udaktari. Lilikuwa la lugha, na yule mama hakuwa mjinga kama wale vijana walivyodhani.

Tuanze na neno lenyewe la daktari. Delirium ni Kilatini, na lilizaliwa shambani. Lira kwa Warumi ulikuwa mfuo, ule mstari unaochimbwa na plau ya ng'ombe. De- ni kutoka, kuacha. Ng'ombe akipinda na kuuacha mfuo, hiyo ndiyo delirare, na mtu ambaye maneno yake yameacha mstari akasemwa hivyohivyo. Mzizi wa lira ni wa kale kuliko Kilatini, na maana yake ya asili ilikuwa nyayo au alama ya mapito. Mzizi huohuo ulipofika kaskazini mwa Ulaya ulishika upande wa pili: Kiswidi husema lära, Kidenmaki na Kinorwe husema lære, yaani kufundisha, na kwa Waingereza ndio learn, kujifunza. Mjerumani anaita Gleis reli ya treni, na hiyo nayo ni ya ukoo huo. Kwa hiyo mwalimu wa Oslo na mgonjwa wa Roma ni watoto wa babu mmoja. Mmoja amefuata nyayo, mwenzake ameziacha.

Wanafunzi wangu hulipenda sana jambo hili, na huliandika katika mtihani hata nisipowauliza. Lakini linatusaidia kidogo tu, maana Kiswahili kilipotafuta neno lake hakikwenda shambani. Kilikwenda makaburini.

Tazama neno wazimu. Ndani yake mna -zimu, na -zimu hii unaijua tangu utotoni. Mzimu ni roho ya aliyekufa, na mizimu ndio wingi wake. Kuzimu ni mahali waliko wafu, na watafsiri wa Biblia walilikuta neno hilo tayari, wakalichukua bila ya kulipiga randa. Zimwi la hadithi za bibi, ambalo katika hadithi nyingine za zamani huitwa zimu, ni la ukoo huo. Mashina haya yote ni mamoja, ila kila moja limevaa kiambishi chake: m-, mi-, ku-. Sasa swali la mtihani: wa- ya wazimu ni kiambishi cha nini?

Mswahili wa leo hulipatanisha neno hili kama umoja. Tunasema wazimu umempanda, wazimu wake umezidi. Hatusemi *wazimu wamempanda. Kwa hiyo wengi huridhika kwamba ni jina la dhana kama ujinga au ulevi. Lakini kama lingekuwa hivyo lingekuwa uzimu, kama utu na uchawi. Hiyo a imetoka wapi?

Ninavyoona mimi, wa- hii ni ileile ya watu na watoto. Wazimu walikuwa wengi: ni roho, ni wahenga, waliokuja kumkalia mtu. “Ana wazimu” ilikuwa ni sentensi ya aina moja na “ana majini” na “ana mashetani”, nazo hadi leo ziko katika wingi. Baadaye maana ya roho ilipobaki kwa mizimu, wazimu likaachwa peke yake, na masikio yakaanza kulisikia kama umoja unaoanza na u-. Jambo hilo Kiswahili hulifanya mchana kweupe. Waarabu walituletea waqt na waraqa, maneno ambayo w yake ni ya asili kabisa, sisi tukasikia wakati na waraka, tukadhani w hiyo ni u- ya kwetu, tukatunga nyakati na nyaraka. Neno lililoanza kwa wa- likaangukia mikononi mwa ngeli ya u-. Sioni kwa nini wazimu lisingeanguka hivyohivyo.

Ushahidi uko kwa majirani. Wachaga huwaita wahenga wao warimu, na wa- yao ni ya watu, haina mjadala. Wakamba wana aimu. Wanyarwanda wana umuzimu kwa mmoja na abazimu kwa wengi, na chini waliko ni ikuzimu. Waganda wana omuzimu na emizimu, karibu sawa na sisi. Ukishuka kusini, Washona wana mudzimu, na ukivuka hadi Kameruni, Waduala wanawaita bedimo. Kwa Wazulu shina hilo limetoa izimu, mla watu wa hadithini, ndugu wa damu wa zimwi letu. Wakikuyu nao wana irimũ, zimwi, na ndio waliochukua ile njia ya u- niliyosema hatukuichukua: ũrimũ kwao ni upumbavu. Kwa hiyo shina moja limetoa mhenga, jitu, pumbavu na wazimu.

Hapa inanibidi nimzuie msomaji mmoja ninayemsikia akisema, “Profesa, si inatokana na kuzima? Mzimu ni aliyezimika!” Ni wazo tamu, na nimeliona hata katika maandishi ya watu wenye shahada. Tatizo ni kwamba sauti zinalikataa. Kwa Kiswahili kuzima na mzimu zote zina z, sawa. Lakini Mzulu anazima moto kwa kusema cima, na jitu lake ni izimu. Mtswana na Msotho wanazima kwa tima, na neno lao la mzimu lina d. Kama yangekuwa shina moja, yangebadilika pamoja. Kufanana ndani ya lugha moja si udugu.

Watswana nimewataja kwa makusudi, kwa sababu kwao neno hili lilifanya safari ambayo inapaswa kumtia hofu kila mtafsiri. Shina lile kwao ni -dimo. Badimo ni wahenga, wale wanaoheshimiwa na kukumbukwa. Ledimo ni jitu. Modimo, katika umoja, ndilo neno ambalo mmisionari Robert Moffat alilitumia kwa Mungu alipotafsiri Biblia kule Kuruman. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1840, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1857. Modimo akapanda mbinguni. Lakini mahali ambapo Injili inasema habari za pepo wachafu wanaowatia watu wazimu, liliwekwa neno badimo. Mtaalamu wa Biblia kutoka Botswana, Musa Dube, alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1999: Mtswana akifungua kitabu kitakatifu anawakuta babu zake wakifukuzwa kutoka ndani ya watu. Kiambishi kimoja kilimpa Mungu jina, na kingine kikawageuza wahenga kuwa mashetani, na yote yalifanyika mezani, kwa kalamu.

Sisi tulifanya kitu cha jinsi hiyo bila ya mmisionari. Dini ilipoingia pwani, wahenga walirudi nyuma na majini yakaja mbele. Kwa Kiarabu majnun, ambaye Kiswahili kilimwita majinuni, ni mtu aliyeshikwa na jini, na shina lake, j-n-n, lina maana ya kufunika, kuficha. Jini ni kisichoonekana, na janna ni bustani iliyofunikwa kwa miti. Waajemi nao wana div, shetani, na wakatoa divane, mwendawazimu. Hata hao Warumi wenye delirium walikuwa na neno jingine, larvatus, aliyeingiliwa na larva, na larva kwao ilikuwa roho mbaya ya mfu. (Baadaye Linnaeus, yule Mswidi aliyeyapa majina viumbe vyote, aliazima larva kwa maana yake nyingine, ya kinyago, akawapa watoto wa wadudu, kwa kuwa sura ya mdudu bado imefichwa ndani. Ndiyo maana leo kiwavi kwa Kiswidi ni larv, na viluwiluwi vya mbu kwenye mapipa yetu hapa Chaani kwa wenye sayansi ni lava. Maneno hayana adabu.)

Kiswahili chenyewe kimepita njia hiyo mara mbili. Kamusi zetu zina neno mahoka, kwa maana ya wazimu au kupandwa. Kwa Wapogoro wa Mahenge, mahoka ni roho za wazee waliokufa. Na pepo je? Pepo ni ndugu wa upepo na kupepea, kitu kinachopita bila ya kuonekana. Anayepandwa na pepo anaugua, lakini anayekwenda peponi amefuzu. Wafu wetu wana kuzimu chini na peponi juu, na pande zote mbili zinatuma wageni.

Sasa tusikilize vitenzi, maana hapo ndipo palipomponza yule mzee. Wazimu kwa Kiswahili unafanya nini? Unampanda mtu. Unamshika. Unamwingia. Ukiisha, unamshuka, unamtoka. Hivi ni vitenzi vya ngoma ya pepo. Katika uganga wa pwani, mtu anayepandwa huitwa kiti, kwa kuwa pepo amemkalia, na kazi ya mganga ni kumpunga, kumpandisha azungumze, aseme anataka nini, kisha ashuke. Mgonjwa ni kiti na ugonjwa ni mgeni aliyekikalia. Mwambie mtu aliyekulia katika lugha hii kwamba mumewe, anayezungumza na marehemu nduguye usiku wa manane, “ana wazimu”. Umemwambia nini? Umemwambia kile alichokuwa tayari anakiona kwa macho: kuna aliyemjia. Na ukiongeza “wa muda tu”, umemthibitishia kwamba mgeni huyo anaweza kutolewa. Yule mama alilisikiliza neno vizuri kuliko aliyelisema, akaenda kwa mtu ambaye kazi yake ni kutoa.

Na kama kijana yule angesema neno jingine? Kiswahili kina ghala la maneno haya, lakini mengi hayafai kupelekwa wodini. Kuna kundi zima ambalo hesabu yake ni ya kutoa, si ya kujumlisha. Punguani amepungukiwa. Aliyerukwa na akili, akili zake zimeruka kama ndege kwenye tundu lililoachwa wazi. Hamnazo ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa ufundi wake: ham-na-zo, hamna hizo, na hizo ni akili, ambazo hata hazitajwi, kama vile tumeangalia ndani ya chungu tukainua kifuniko na kukirudisha. Ana wazimu, kwa upande wake, ni hesabu ya kujumlisha. Mtu ni mzima, ila kimeongezeka kitu. Amechanganyikiwa iko katikati: vyote vimo, ila havimo mahali pake, na nadhani hilo ndilo lililo karibu zaidi na ng'ombe wa Mrumi aliyeuacha mfuo. Kuhusu kichaa nitasema machache. Ni neno gumu, lisilo na mlango. Limetulia vizuri katika kichaa cha mbwa, na kwa binadamu naona linakuwa jina lake haraka mno: yule kichaa, vichaa wale.

Tofauti hiyo ya kuwa na kitu na kuwa kitu, mimi sikuisoma chuoni. Mwaka 1981 kakangu mkubwa, aliyekuwa karani bandarini Kilindini, aliacha kulala. Alianza kuandika hesabu za shehena ukutani, makaa juu ya chokaa, kutoka sebuleni hadi jikoni. Majirani wa Chaani walikuwa wema, lakini wema una mdomo, na baada ya mwezi mmoja nyumba yetu ilikuwa imeshapata jina. Baba, Mungu amrehemu, alivunjika. Alisema, “Huyu sasa ni mwendawazimu,” akaenda kukaa barazani na hakulizungumza tena.

Mwendawazimu ni mwenda na wazimu, aendaye wazimu, kama mwendambio anavyokwenda mbio. Wazimu hapo si mgeni tena. Umekuwa ndio mwendo wake, na anayekwenda hivyo ameshapewa ngeli yake na wingi wake: wendawazimu. Mamangu alilikataa neno hilo. Alimpeleka kakangu hospitalini, si mara moja, na siku moja nilifuatana naye. Tulikaa kwenye ubao tangu asubuhi. Karani alitoka na faili mkononi, akaita kwa sauti ya sokoni: “Yule kichaa wa Chaani yuwapi?”

Mamangu alisimama. Alikuwa mfupi, na alizungumza polepole. “Mwanangu,” alimwambia yule karani, “hapa hapana kichaa. Pana kijana wangu, ana wazimu.”

Watu kwenye ubao walinyamaza. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari na niliona aibu, si ya karani, ya mamangu, maana nilidhani amesema jambo lilelile kwa neno jingine. Nilichukua miaka mingi, na shahada tatu, kujua kwamba alikuwa amemsahihisha sarufi. Kijana wake alikuwa ni kijana wake. Wazimu alikuwa nao, na alichonacho mtu kinaweza kumtoka. Kakangu alipewa dawa, akazikataa, akazikubali, akaziacha, akazirudia. Hakurudi bandarini. Lakini alirudi mezani petu, akala nasi, akatania watoto wangu, na siku zilipokuwa mbaya mama alisema tu, “Leo umempanda,” na zilipokuwa nzuri, “Umeshuka.” Aliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Kwa hiyo neno lililokaribia kumuua mzee wa watu ndilo lililomweka kakangu kuwa mtu. Sitaki kulifuta. Nimewahi kuketi katika kamati ya istilahi ambako mtu alipendekeza wazimu liondolewe kabisa, kwa kuwa linanyanyapaa, na badala yake tuseme “mtu mwenye changamoto ya afya ya akili”. Afya ya akili ni istilahi nzuri, imeshika, na nafurahi kuisikia redioni. Ugonjwa wa akili pia unafaa, kwa kuwa unaelekeza mguu upande wa hospitali. Lakini changamoto! Kila tulichoshindwa kukitaja siku hizi ni changamoto. Na ubaya haukai katika neno peke yake. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 83, inamzuia kusajiliwa kupiga kura mtu aliyetangazwa kwamba hana akili timamu. Timamu ni neno la heshima, la Kiarabu, maana yake kamili, bila ya pengo. Hakuna anayelitukana mtu kwalo. Lakini hesabu yake ni ileile ya kutoa, ya hamnazo, ikiwa imevaa suti.

Nirudi kwenye matatu. Tulikuwa tumekwama kwenye malori yanayongoja kuingia bandarini, kama kawaida, kwa hiyo tulikuwa na wakati. Nilimwambia kijana kwamba kwa yale maneno ya usiku ya mgonjwa mwenye homa Kiswahili kina kuweweseka na kupayapaya, na kwamba daktari anaweza kuyatumia bila ya kumwogopesha mtu, kwa kuwa hata mtoto mwenye homa huweweseka na hakuna anayemtafutia mganga. Lakini hayo yanasema tu mgonjwa anafanya nini. Kwa kusema ana nini, nilimkumbusha jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua. Malaria ikifika kwenye ubongo, tunasemaje?

“Malaria imempanda kichwani,” alisema, kisha akanyamaza. Alikuwa amekisikia kile kitenzi.

Ndicho kilekile. Homa iliyomuua Luteni Reitz, na kuwaua wengi kabla yake na baada yake, ilishachukua kitenzi cha pepo zamani, wala hakuna mtu wa Mombasa anayesikia malaria imempanda mtu kichwani akakimbilia kupunga. Anakimbilia dawa. Watu wenyewe walikwishalifanya kazi ambayo kamati ingeifanya kwa miaka mitatu: waliacha mlango palepale, wakambadilisha mgeni.

“Basi siku nyingine,” nilimwambia, “mwambie mama: mzee ana ugonjwa kwenye njia ya mkojo, homa yake imempanda kichwani, ndiyo maana anaweweseka. Tukiishusha, atakutambua.”

Aliyarudia maneno yale kimyakimya, midomo ikicheza. Makanga akagonga bati, tulikuwa tumefika Chaani. Nilipokuwa nashuka akaniuliza tena, “Na kwenye faili, Prof., niandike nini?”

Kwenye faili, nilimwambia, andika Kilatini.